Bahasha ya Dawa Iliyonirudisha Kwaya

Leo niacheni niringe!

Aliyebisha mlangoni kwangu asubuhi ni yule mama kiongozi wa kwaya ya kanisa letu aliyenifukuza, mtaani Nyalenda, mwaka 1993.

Wakati huo nilikosa hedhi miezi miwili. Aliposikia, akatangaza nina mimba. Nikarudisha sare ya kwaya.

Nikaenda hospitali Kombewa na bahasha yangu ya dawa nilizokuwa nikimeza. Nesi akanipima: mimba hakuna. Akasoma jina la dawa kwenye bahasha. "Vidonge hivi vya pumu vinaweza kuvuruga hedhi. Lakini usiviache bila ushauri wa daktari."

Jumapili nikasimama mbele ya kanisa, bahasha juu, nikaeleza yote. Waumini waliguna, jamani, na sare nikarudishiwa!

Leo ameniletea bahasha ya dawa za mjukuu wake wa kike, mwanakwaya ambaye naye amekosa hedhi.

Nikamuuliza kwanza, "Sare yake iko wapi?"

"Bado anayo, Mama. Nilikukumbuka wewe."