Faili Halipotei

Usiku ule Mama Mafaili hakupata usingizi. Simu aliiweka kifuani, akaitazama, akairudisha. Chumba cha pili binti yake alikuwa anakoroma kama mtu asiye na shida duniani.

"Mtoto gani huyu," mama alinong'ona. "Kazi yake iko mikononi mwa kamati, naye anakoroma!"

Jina la utani la Mama Mafaili alilipata chuo kikuu, kwenye ofisi ya utafiti. Alikuwa tarishi pale kwa miaka ishirini na miwili, akibeba maombi ya ruzuku kutoka meza hii hadi ile: la bingwa wa mbu, la mama wa mimea, la mzee wa lugha aliyeomba safari sita ili aandike kamusi moja. Shule aliishia darasa la saba, lakini faili likimpita tu mlangoni, alijua ni la nani na linakwenda kulala wapi.

Kisha chuo kikataka mfumo wa kompyuta wa kusimamia ruzuku hizo, na binti yake akapewa mkataba wa miezi sita autengeneze. Ukikubaliwa, ataajiriwa. Ukikataliwa, kwaheri. Binti akawauliza wakubwa ombi hupita wapi. Wote wakamsomea mwongozo: hatua saba, siku thelathini, basi.

Mama alicheka mpaka akashika meza. "Siku thelathini hata mhuri haujaamka!"

"Sasa mafaili huwa yanapotelea wapi, mama?"

"Faili halipotei, mwanangu. Linakaliwa."

"Na nani?"

Mama akamtajia, meza kwa meza, kama anayetaja wajukuu zake. Alidhani wanapiga soga. Kumbe mwenzake alikuwa anaandika.

Siku ya kuuonyesha mfumo, mama alikuwemo ukumbini akiwagawia wajumbe wa kamati maji. Ukutani ikatokea orodha safi ya maombi, mahali yalipo na hali yake. Limepokelewa. Limesomwa. Halafu, mstari wa nne, kwa herufi nyekundu: LIMEKALIWA. Mkurugenzi wa Utafiti. Siku 214.

Bingwa wa mbu, mwenye ombi hilo, alipiga makofi. Peke yake.

Mkurugenzi, profesa wa sauti ya taratibu, alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Siku zilikuwa bado 214.

"Jibu mtalipata," alisema. "Usiku huu kwa simu, au kesho asubuhi chumba cha kamati."

Simu haikulia. Asubuhi mama na binti walikuwa kwenye benchi nje ya chumba cha kamati, mlango umefungwa.

"Mama, unatikisa benchi."

"Nisitikiseje, na unga wetu unamwagika? Hukuona neno jingine?"

"Nilitumia lako."

"Langu ni la jikoni! Nani kakwambia ulipeleke ukutani?"

Mlango ukafunguka nusu. Mkurugenzi alitokeza kichwa.

"Mfumo ni mzuri, kamati imeupenda mno. Kuna jambo dogo tu. Pale paandikwe 'Linashughulikiwa'. Na zile siku zisionekane."

"Profesa," binti alisema, "siku zikiondoka, nitakuwa nimewatengenezea daftari linalotumia umeme."

Mkurugenzi alirudisha kichwa ndani, na mlango ukaanza kumfuata, polepole. Mama aliujua mlango ule. Ukifungwa, hakuna anayeugonga mara ya pili.

"Ataziondoa!" alisema kabla hajajijua. "Leo hii, Profesa. Neno lilikuwa langu, yeye aliandika tu."

Binti alimgeukia. Mama akatazama sakafu, miaka ishirini na miwili ya sakafu ile ile.

"Mwanangu, sema ndiyo," alimnong'oneza.

Binti akafunga kompyuta yake.

"Ndiyo," alisema, kwa sauti ambayo mama hakuwahi kuisikia nyumbani.

Mlango ukafunguka wote. "Karibu sana, mtaalamu," alisema Mkurugenzi. Binti akaingia bila kugeuka nyuma, na mama akaushikilia mlango kwa mikono miwili mpaka alipopita.