Fundi Aliyelipa kwa Kuandama kwa Mwezi

Nilipofika Malindi kufanya kazi ya ukarani, kitu nilichojivunia kuliko vyote kilikuwa mwandiko wangu. Mimi mtu wa bara, mwana wa mkulima wa maharagwe, nilikuwa nimepewa meza, kiti cha kuzunguka na kalamu mbili, ya bluu na nyekundu, katika duka lililokopesha cherehani, baiskeli na redio. Mteja alichukua kitu, akalipa kidogo kidogo. Miaka ya themanini ilikuwa ndiyo kwanza imeanza, nami nilijiona bwana mkubwa. Nikikumbuka nilivyokuwa nikiivuta suruali yangu magotini kabla ya kuketi, ili mikunjo ya pasi isiharibike, natamani kujizaba kofi.

Kila mteja alikuwa na fomu yake. Siku ya kulipa ilikuwa tarehe tano, imepigwa chapa, haina mjadala. Aliyelipa kwa wakati nilimwandikia kwa bluu, aliyechelewa kwa nyekundu. Nakala zilikwenda makao makuu Mombasa, na huko wakatengeneza orodha ya watu wasiofaa kukopeshwa. Orodha hiyo ilirudi kwetu na kwa maduka mengine mawili ya pale mjini.

Miongoni mwa wateja wetu kulikuwa na mzee mmoja wa mtaa wa Shella pale Malindi, fundi wa kushona kanzu, ambaye wazee wake walitoka visiwa vya kaskazini. Meneja aliyekuwa akiondoka aliniambia siku aliponikabidhi makaratasi: "Huyu hulipa kwa kuandama kwa mwezi. Tulipatana hivyo. Usimsumbue." Kwa hiyo nilijua. Nalisema mapema nisije nikajitafutia kisingizio mbele ya safari.

Nyumba aliyopanga mzee ilikuwa ya wakfu wa msikiti, na kodi yake ilihesabiwa kwa miezi ya Kiislamu: mfungo mosi, mfungo pili, hivyo hivyo tangu Ramadhani iishe. Deni la cherehani akalitia katika hesabu hiyo hiyo. Mwezi ukionekana leo, kesho asubuhi yuko mbele ya meza yangu, noti zimekunjwa ndani ya kitambaa cheupe. Mara ya kwanza ilikuwa tarehe kumi na nne. Nikaandika kwa nyekundu. Mara ya pili kumi na tatu, nyekundu tena. Kila mwezi alinipunguzia siku moja hivi, mpaka malipo ya nane, ambayo ndiyo ya mwisho, yakaangukia tarehe saba. Hakukosa hata mara moja. Nami niliandika "amechelewa" mara nane, kwa mwandiko mzuri sana, kwa sababu fomu haikuwa na mahali pa kuuandika mwezi wa angani, na kwa sababu nilimwona mshamba. Yeye mzaliwa wa mjini ndiye mshamba, na mimi niliyeiona bahari mara ya kwanza mwaka ule ndiye mjanja.

Mwaka uliofuata, Ramadhani ikiwa imebakiza miezi miwili, alikuja kutaka cherehani ya pili. Binti yake alikuwa ameachika, amerudi nyumbani na watoto wawili, na kwa kushona alimshinda babake. Wakiwa na cherehani mbili wangepokea kazi za Idi, na binti angekula jasho lake bila kumtazama mtu machoni. Nikafungua orodha. Jina la mzee lilikuwamo. Akaenda katika yale maduka mengine mawili, na huko nako wakamfungulia orodha ile ile.

Akarudi kwangu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Sikuja kuteta, naja kuuliza tu. Wino wa Mungu ndio haufutiki. Huu wenu je, wafutika?"

Nikamwambia nitauliza Mombasa, na kweli niliuliza. Jibu lilikuja kwa barua. Lililo kweli halifutwi, walisema, hata deni likiisha kulipwa. Kinachofutwa ni kosa, na karani aliyelifanya sharti aandike kwa mkono wake, atie sahihi, kwamba yeye ndiye aliyekosea. Na kosa lilikuwapo: kwa mapatano yake na duka, mzee hakuchelewa hata siku moja.

Nilikuwa nimebakiza miezi mitatu nithibitishwe kazini. Niliweka karatasi nyeupe mezani, nikaitazama tangu asubuhi hadi tulipofunga duka, nikairudisha sandukuni. Mzee alipokuja nilimwambia, "Wamekataa, mzee. Haufutiki."

"Alhamdulillahi," akasema. "Ahsante, mwanangu, kwa kunihangaikia."

Nimetukanwa na watu wengi maishani mwangu. Hakuna tusi lililonikaa moyoni kama ile ahsante.

Idi ilipopita, binti yake alikwenda Mombasa kufua nguo katika nyumba za watu. Watoto wakabaki kwa babu yao. Nikaanza kuikwepa njia ya Shella, nikizungukia sokoni kama mtu mwenye shughuli huko. Kazini nikathibitishwa, mshahara ukapanda, nikanunua redio kwa bei ya mfanyakazi. Sikufurahia kuisikiliza.

Miaka miwili baadaye nilipata kazi nyingine Kilifi, na ndipo ushujaa uliponijia, kwa kuwa sasa haukunigharimu chochote. Katika wiki yangu ya mwisho dukani niliandika ile barua, nikatia sahihi. Jibu lilirudi baada ya siku tisa, mistari miwili tu: kosa limefutwa, jina limeondolewa. Siku tisa. Nikaichukua barua mpaka Shella.

Nilimkuta mzee akishona barazani. Aliniomba nimsomee, nikamsomea.

"Kumbe wafutika," akasema. "Wamebadilisha sheria?"

Alikuwa amenifungulia mlango wa kutokea, na nafikiri alijua. Ningeweza kusema ndiyo.

"Hapana, mzee. Sheria ni ile ile."

"Nawe ulijua lini?"

"Kabla sijakwambia kwamba haufutiki."

Hakunipandishia sauti. Ningefurahi angenipandishia. Aliipokea barua mkononi mwangu, akaigeuza nyuma na mbele, akaitazama bahasha yake. Mjukuu wake wa kike, mtoto wa miaka kama sita, alitoka ndani, akaniamkia, kisha akaiona ile stempu.

"Babu, ni barua ya mama?"

"La, mjukuu wangu," mzee akamjibu, huku akinirudishia. "Si ya mama. Ni yake huyu bwana."