Joto Anaondoka Mdomoni mwa Tanuri

Mdomo wa tanuri ulikuwa wa Joto, na hakuna aliyethubutu kumsogeza. Wenzake walikanda, wakakata, wakapanga madonge kwenye trei. Yeye alisimama na beleshi lake refu la mbao, kiuno usawa wa mlango wa tanuri, akiingiza mikate mibichi na kutoa iliyoiva. Wakamsifu kwamba ngozi yake imezoea moto, na mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Joto akaanza kuja kazini na jinzi ya kubana, sigara moja mdomoni na nyingine nyuma ya sikio. Alijipenda kijana, tusimfichie.

Mkewe alikuwa fundi cherehani, mwepesi wa mkono na mwepesi zaidi wa ulimi. Walipendana, nyumba ilijaa vicheko, ila miaka mitano ya ndoa ilipita bila mtoto. Basi mama yake Joto kila alipokuja kuwatembelea alikuja na chupa ya mizizi iliyochemshwa. "Kunywa, mwanangu, tumbo lifunguke," alimwambia mkwewe. Naye alikunywa, akakunja uso, akashukuru. Ilikuwa chungu mno. Siku moja paka alinusa kile kikombe akahamia kwa jirani. Joto hakumiminiwa hata kijiko. Mwanamume mwenye kifua kile angekuwaje na kasoro?

Mwishowe mke alikwenda kliniki mwenyewe. Muuguzi akampima, asione tatizo. "Mimba haitafutwi na mtu mmoja," akamwambia. "Njoo na mwenzio."

Mwenzio akaanza kupiga chenga. Leo kuna oda kubwa, kesho tanuri linatoa moshi, keshokutwa mguu unauma. Fundi akachoka.

"Jinzi zako zote nimezifungia kabatini," alisema asubuhi moja. "Ufunguo utaupata tukitoka kliniki."

Joto alikwenda kupimwa amevaa bukta.

Majibu yalipotoka, muuguzi aliwaketisha wote wawili. "Kaka, mbegu zako zipo, ila ni chache, na hizo chache zinakwenda polepole. Unafanya kazi gani?"

"Naoka mikate. Nasimama mdomoni mwa tanuri."

"Kutwa nzima?"

"Kutwa nzima," akajibu kwa fahari.

Muuguzi akavua miwani. "Mbegu za mwanamume zinataka ubaridi zaidi kidogo kuliko mwili wenyewe. Ndiyo maana mfuko wake uko nje. Wewe umeusimamisha kwenye moto, ukaubana na jinzi, halafu unavuta sigara juu yake."

Mke alijikaza kisabuni asicheke. Joto hakuona cha kuchekesha. Aliikumbuka hamira. Kila aliyeanza kazi pale alimfundisha yeye mwenyewe: hamira itie maji ya uvuguvugu, ukiitia ya moto imekufa, na unga hautaumuka hata ukikanda mpaka kesho.

"Kumbe nimeichoma hamira," akasema taratibu. "Sasa ndiyo basi?"

"Mwili unatengeneza mbegu mpya kila siku, na zinachukua kama miezi mitatu kukomaa. Kaa mbali na moto, acha sigara, lala vya kutosha, vaa nguo pana. Na nyinyi wawili mjifunze siku za rutuba za mkeo, msiwe mnabahatisha. Siwaahidi mtoto. Nawaahidi nafasi nzuri zaidi, na ikichelewa mrudi tuchunguze tena."

Jumapili mama akaja na chupa mpya, kubwa kuliko zote. Mke akanyoosha mkono kupokea kikombe kama kawaida yake. Joto akautazama ule mkono na moyo ukamuuma. Miaka yote hii mwenzake alikunywa uchungu usio wake, na yeye alikaa pembeni akitafuna mkate. Akakinyakua kikombe. Lakini kumweleza mama mzazi mambo ya chumbani ni kazi nzito kuliko tanuri.

"Mama," akasema hatimaye, "huyu hana kasoro. Mwenye kasoro ni mimi."

"Wewe?"

"Mimi. Nimepimwa."

Mama aliitazama chupa, akamtazama mkwewe. "Na mimi nimemnywesha mtoto wa watu mizizi miaka yote hii! Nisamehe, mwanangu. Mbona hukunitemea usoni?"

"Mara ya kwanza nilikaribia, mama."

Wakaangua kicheko, mama huku machozi yanamtoka. Kisha akamgeukia mwanawe. "Mficha uchi hazai. Afadhali umesema. Haya, kunywa."

"Mama, hiyo siyo dawa ya..."

"Najua siyo. Kunywa uonje alichokuwa anakunywa mwenzio."

Joto akapiga funda moja, macho yakamtoka pima. Iliyobaki ilimwagwa uani.

Kazini alizungumza na tajiri wake, wakakubaliana mdomo wa tanuri usimamiwe na wenzake kwa zamu, na yeye akahamia meza ya kukandia, karibu na dirisha. Mke akamshonea suruali za pamba, pana ajabu.

"Joto, hilo pazia umelivua dirisha gani?" wenzake walimcheka.

"La chumba cha watoto," akawajibu, akaendelea kukanda.

Sigara ndiyo ilimtesa. Alitafuna vijiti, akagombana na kila mtu, akaomba radhi, akagombana tena. Mama naye akawa anakuja kununua mkate kila asubuhi, ingawa meno yake hayakupenda mkate, ili amnuse mwanawe na kuona amesimama wapi.

Miezi mitatu ikapita, na mingine juu yake, bila habari. Kila Joto alipomuona mtoto njiani aligeuza uso.

Jioni moja alimkuta mkewe kwenye cherehani, anafumua mishono ya ubavuni ya gauni lake la buluu, lile alilolipenda kwa sababu linamkaa mwilini.

"Limekubana? Mbona hujanenepa?"

"Bado."

"Sasa unalipanua la nini?"

Fundi alikata uzi kwa meno, bila haraka. "Leo nilipita kliniki."

Joto akaketi chini, katikati ya vipande vya vitambaa, akalia waziwazi bila kujificha. Mke akamwacha alie. Baadaye Joto akajifuta uso, akavuta ncha ya gauni, akaukagua mshono uliofumuliwa kama fundi mwenzake.

"Panua zaidi," akasema. "Hili halitatosha."