Tone la Damu na Funda la Maziwa

Mpaka leo mtu akiniambia kwamba kuandika kitabu cha watoto ni kazi nyepesi, damu hunichemka. Niliandika kimoja, cha historia ya Amerika, miaka ile ya Ujamaa nilipokuwa mwalimu wa shule ya msingi pale Tabora, na kitabu hicho ndicho kilichonitenga na baba yangu mzazi. Sijuti. Nasema mapema ili msije mkakaa mkinisubiri nijute.

Kazi yenyewe nilipewa na ofisi moja ya vitabu ya Dar es Salaam. Walitaka watoto wetu wasome habari za mataifa makubwa kwa Kiswahili, si kwa lugha ya mkoloni aliyekwisha kufunga virago. Mmoja akapewa Urusi, mwingine China, mimi nikaangukiwa na Amerika. Amerika! Mimi ambaye hata Mombasa nilikuwa sijafika. Nilikuwa na vitabu vichache vya Kiingereza vya kuazima, kamusi iliyochanika jalada, na Bibi.

Bibi huyu siye aliyemzaa baba. Nyumba yetu ilikuwa ya Waarabu wa zamani wa mjini, wafanyabiashara tangu enzi za misafara, na Bibi aliletwa humo akiwa mtoto mdogo, kutoka Manyema, kwa miguu, kwa njia ileile iliyoleta pembe za ndovu. Alinunuliwa. Neno hilo kwetu halikutamkwa. Ukiuliza ulijibiwa, "Alikuja na msafara," utadhani alikata tiketi. Baba alipozaliwa, mama yake alishikwa na homa, maziwa yakakauka, na siku zizo hizo Bibi alikuwa amefiwa na kichanga chake. Basi baba akawekwa kwenye titi lake, akanyonya mpaka akaota meno.

Asubuhi zote nilizoishi katika nyumba ile nilimsikia baba akipita uani na kusema, "Shikamoo mama," na Bibi akiitikia kutoka jikoni, "Marahaba mwanangu." Mbele ya wanaume wengine wote Bibi alijitanda ushungi. Mbele ya baba alikaa kichwa wazi, kwa sababu katika dini yetu mtoto uliyemnyonyesha ni mwanao, hakuna cha kumficha.

Kitabu nilikiandikia jikoni, yeye akichagua mchele. Nilimsomea kila ukurasa, na akipiga mwayo nilifuta, maana nilijua watoto nao watapiga mwayo palepale. Nilipofika pale Waamerika walipomwaga chai ya Mwingereza baharini, aliacha ungo.

"Chai yote hiyo?"

"Yote, Bibi."

"Na sukari je?"

"Sukari hawakuimwaga."

"Afadhali yao. Wangenitambua!"

Siku hizo sukari tulikuwa tukiipangia foleni tangu alfajiri, na wakati mwingine unafika dirishani unaambiwa imekwisha. Nilicheka mpaka wino ukamwagika.

Sura ya mashamba ya Virginia niliiandika upesi kuliko zote. Wanafunzi wangu wenye ndugu Usoke waliijua tumbaku: mgongo unavyokatika wakati wa kuchuma, macho yanavyowasha ukiingia kwenye bani, kile kijumba cha kukaushia majani kwa moto. Basi niliwaandikia hivi: Virginia ilikuwa kama Usoke, ila mchumaji hakulipwa, na mwanawe aliuzwa. Nilikuwa na hasira tamu ya mtu anayegombana na watu walio mbali.

Sura hiyo nayo nilimsomea Bibi. Hakupiga mwayo wala hakuuliza. Alimaliza mchele, akauosha, akaubandika, ndipo akaniambia bila kunitazama:

"Siku yangu ikifika, mwambie mwanangu anilaze ndani. Nimechoka na nje."

Ndani maana yake ndani ya ua wa minyaa. Makaburi ya ukoo wetu yalikuwa kwenye njia ya Ntalikwa, na yalizungushiwa minyaa iliyopandwa na babu zetu. Ndani ya ua walilazwa wa ukoo. Nje ya ua walilazwa wale ambao wakubwa wetu waliwaita "watu wetu." Wakubwa hao walipikiwa na watu wetu, wakalelewa na watu wetu, wakabebewa mizigo na watu wetu, na kaburini wakawatenga kwa ua.

"Hilo nalo la kuomba, Bibi?" nilimwambia. "Wewe ni mama yake."

"Wewe mwambie tu."

Nilimwambia baba jioni ileile. Akasema, "Inshallah." Inshallah ya baba nilikuwa naifahamu, ndiyo aliyotupa tukiwa wadogo kila tulipoomba viatu vya Idd. Lakini sikutaka kumdhania vibaya.

Tena baba alikuwa mpenzi mkubwa wa kitabu changu. Duka lake siku hizo lilikuwa rafu tupu na viberiti, kwa hiyo alishinda barazani na redio yake, na jioni nilimsomea nilichoandika. Nilimsomea ule ukurasa unaosema kwamba huko Amerika, hata baada ya utumwa kwisha, mtu aliyekuwa na tone moja tu la damu ya Mwafrika alihesabiwa mweusi, akakatazwa kukaa, kula na kusoma na wazungu. Baba alijipiga paja.

"Tone moja?"

"Tone moja, baba. Mzee mmoja tu wa zamani akiwa mweusi, kwisha habari yako."

"Astaghfirullahi! Wanapima binadamu kwa matone, kama dawa ya macho?"

"Mpaka makaburi waliyatenga."

"Mpaka makaburi! Washenzi wakubwa. Andika hivyohivyo, mwanangu, usiwaonee haya."

Mlango wa uani ulikuwa wazi na Bibi alikuwa akisikia. Nilipoingia jikoni nilimkuta anatabasamu peke yake. Mimi nikaona ombi lake limekwisha kukubaliwa. Loo, nilikuwa na akili za kitoto, na umri wangu ule.

Bibi alifariki masika, asubuhi, maji ya chai yakiwa jikoni hayajachemka. Tukamwosha sisi wanawake wa nyumbani, tukamvisha sanda. Alikuwa mwepesi, mtu mmoja angeweza kumnyanyua. Wanaume walikuwa wamekaa barazani, wengine wameshakwenda kuchimba. Mara kaka yangu akarudi mbio kuchukua jembe lingine.

"Mnachimba wapi?" nilimwuliza.

Akatazama chini. "Nje."

Kwetu mwanamke haendi kusimama mbele ya wanaume siku ya maziko. Nilikwenda, mikono yangu ikinuka karafuu maiti. Baba alikuwa amekaa kati ya wazee wa ukoo, binamu zake, kanzu zote nyeupe, na shehe pembeni.

"Baba, kaburi la Bibi linachimbwa nje."

"Rudi ndani, mwanangu."

"Aliomba alazwe pamoja na watu aliowalea. Nilikuambia. Amekunyonyesha, ni mama yako."

Baba akakohoa kidogo. Akawatazama binamu zake kabla ya kunitazama mimi, na hapo tu nikajua.

"Kunyonya kuna sheria zake," alisema. "Si funda moja mawili. Ni mara tano, mtoto ashibe. Nani alihesabu?"

Nikamgeukia shehe. Shehe akaitazama tasbihi yake, akasema kwamba kaburi popote ni ardhi ya Mungu. Kweli, ni ardhi ya Mungu. Mbona basi hawakuhamia wao huko nje?

"Umri wako wote umemwamkia 'shikamoo mama'!" nilisema, na sauti nilikuwa nimekwisha kuipandisha. "Alikaa kichwa wazi mbele yako mpaka jana. Leo ndiyo unataka hesabu? Wale uliowaita washenzi walipima damu kwa tone. Wewe unapima maziwa kwa funda!"

"Usiniletee Amerika kwenye msiba wangu!"

Shangazi akanivuta mkono akanirudisha ndani, akinisihi nisiwavue watu nguo. Nikasikia jeneza linatoka, wanaume wanaitikia, sauti zinakwenda zikipungua kuelekea njia ya Ntalikwa. Jioni baba alikaa mlangoni kupokea rambirambi. "Pole sana, umefiwa na mama," watu walimwambia, naye akajibu, "Alhamdulillahi, mama alikuwa mtu mzima." Hakuna aliyemwuliza hesabu. Na kabla tanga halijaanuliwa alikwenda mkutano wa tawi la chama, akasimama akasema kwamba katika nchi hii sote ni ndugu. Walimpigia makofi.

Nilimchukia. Sitalipamba hilo neno.

Mwezi uliofuata ofisi ya Dar es Salaam ilinirudishia kurasa nizisahihishe kabla ya kupiga chapa. Nilikaa jikoni peke yangu na ungo umetundikwa ukutani. Chini ya habari za tone la damu nikaongeza maneno haya: "Iko nchi nyingine ambayo haikupima damu, ilipima maziwa. Huko mwanamke aliyenunuliwa, akamnyonyesha mtoto wa nyumba, aliitwa mama siku zote isipokuwa siku ya kuzikwa." Wahariri wale walinikatia mambo mengi, hata utani wangu wa chai na sukari waliukata, eti utawakasirisha wakubwa. Maneno haya waliyaacha. Nadhani walifikiri naisema Ulaya.

Kitabu kilifika karibu na Idd. Baba alikipokea kwa mikono miwili. Tangu msiba tulikuwa tunaamkiana tu, lakini jina la binti lililopigwa chapa si jambo la kuacha lipite bila kuringa nalo, na siku ya Idd alikitoa mbele ya wageni. Walikuwa walewale, binamu zake, barazani palepale. Mimi nilikuwa nikizungusha kahawa.

"Sikilizeni aliyoyaandika binti yangu," alisema, akavaa miwani, akaenda moja kwa moja kwenye ukurasa anaoupenda. Alisoma vizuri baba, sauti nene ya mtu aliyezoea kusikilizwa. Alisoma habari za tone la damu, wazee wakaguna na kutikisa vichwa. Hakusimama hapo. Akaendelea na mstari uliofuata, kwa sauti ileile, mpaka kwenye neno "kuzikwa."

Macho yakarudi juu ya ukurasa, yakasoma tena, safari hii midomo imefungwa.

Mzee mmoja, mkubwa wao kwa umri, aliyekuwa hasikii vizuri, akainama mbele na kikombe chake. "Nchi gani hiyo, inayopima maziwa?"

Baba aliniangalia, na sinia lilikuwa mkononi mwangu.

"Ni hapa, baba mkubwa," nilimwambia, nikapaza sauti ili asikie. "Njia ya Ntalikwa, nje ya minyaa."

Baba alifunga kitabu, akanirudishia, na tangu siku hiyo hakuniomba nimsomee kitu. Alipofariki walimlaza ndani, na pembeni yake palibaki nafasi ambayo ingemtosha Bibi kabisa, mwembamba vile. Mimi wanangu nimekwisha waambia: nilazeni nje, kwa Bibi. Na atakayenijibu inshallah, nitamfufukia.