Yai la Moto Kinywani mwa Waseme

Harufu ya mafuta ya taa yaliyochanganywa na maji ya tumbaku ndiyo iliyokuwa harufu ya Jumamosi nyumbani kwetu Bulumbi, miaka michache baada ya Uhuru. Mama aliloweka majani ya tumbaku katika debe kuukuu, asubuhi akaongeza mafuta ya taa kidogo, kisha akatuita mimi na mdogo wangu Wandera tumshike mbwa. Wandera alishika miguu ya nyuma, mimi kichwa, na mama akampaka dawa hiyo kwa kitambaa toka shingoni hadi mkiani, huku akiwang'oa kupe walionona masikioni na kuwatupa motoni, ambako walipasuka kwa sauti ndogo. Funza aliwatoa kwa mwiba wa mchungwa, mwiba uleule aliotutolea sisi. Akishuku minyoo, alitwanga majani machungu, akayaficha ndani ya kipande cha utumbo. Daktari wa mifugo alikuwepo, lakini alikuwa daktari wa ng'ombe, na hakuna aliyefikiria kumsumbua kwa ajili ya mbwa.

Mbwa huyo aliletwa na baba, aliyekuwa akifanya kazi kiwandani Tororo na kuja nyumbani mwisho wa mwezi. Alipewa mtoto wa mbwa na mwenzake wa Nabuyoga, akamleta ndani ya kikapu. Kwetu mbwa hupewa jina la kuwajibu majirani, na kwa kuwa majirani walinong'ona kwamba baba ana mke mwingine huko Tororo, mama akamwita mbwa Waseme. Jioni alisimama uani akamwita kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika, hata kama mbwa mwenyewe amelala miguuni pake. Majirani walisikia. Nadhani hiyo ndiyo ilikuwa raha yake kubwa ya siku.

Samaki mkunje angali mbichi, na mama alimkunja Waseme mapema. Alijifunza kukaa kando ya mkeka wa wimbi na kufukuza kuku bila kuwauma, na kutokanyaga kizingiti cha jikoni, kwani mwiko wa ugali ulikuwa mwalimu mkali. Jambo moja tu lilimshinda: mayai. Alikuwa akinyemelea viota nyuma ya ghala, akarudi na ganda limemganda puani, akatutazama kwa macho ya mtu aliyetoka kusali. Mayai hayo hatukuyala, yalikuwa ya kuangua, na kuku ndio waliokuwa sare zetu za shule na dawa zetu za malaria. Mbwa mla mayai kwetu hakufugwa. Alinyongwa kwa kamba, na tayari shemeji yake mama, ndugu mdogo wa baba, alikuwa ameuliza mara mbili kama ailete. Mama alimpenda mbwa wake. Mchelea mwana kulia hulia yeye, alisema, akaweka yai jikoni lichemke.

Dawa hiyo ilijulikana na kila nyumba. Yai linachemshwa sana, linatiwa mdomoni mwa mbwa likitoka tu majini, taya zinashikwa hesabu ya pumzi chache, na toka siku hiyo hagusi yai tena. Mama alimshika Waseme mwenyewe. Yai lilipasuka ndani, kiini kikamgandia ulimini na kwenye kaakaa, na kwa sababu taya zilikuwa zimebanwa hakuweza kukitema. Alipoachiliwa alikimbilia kwenye shamba la muhogo na hatukumwona mpaka kesho yake. Mayai aliacha. Aliacha na chakula pia. Ulimi ulivimba ukaning'inia nje, ute ukamtiririka mpaka kifuani, akawa anatembea ameinamisha kichwa, akijigonga kwenye nguzo za ghala.

Majuma hayo kulikuwa na kichaa cha mbwa upande wa Lumino, na mtoto mmoja alikuwa amekufa. Serikali ilituma askari wenye bunduki kupita vijijini. Jirani yetu mmoja, mmoja wa wale wa kunong'ona, alimwona Waseme akitokwa ute, naye alikuwa na watoto wadogo, kwa hiyo akaenda kusema. Askari alifika adhuhuri. Alikuwa Mteso na mama alikuwa Msamia, basi wakazungumza kwa Kiswahili chetu cha mpakani.

"Mama, hiyo mbwa iko na wazimu."

"Hapana, afande. Mimi nachoma mdomo yake na yai. Iko nakula mayai ya kuku yangu."

"Kila nyumba iko na maneno yake," askari alisema, bila ukali. Alionekana mtu aliyechoka.

"Basi ngoja. Mbwa ya wazimu naogopa maji. Naleta maji, utaona."

Ni mama aliyeomba jaribio la maji, si askari. Alileta karai, akaliweka chini, akamwita mbwa kwa jina, polepole safari hii. Waseme alikuja. Alikuwa na kiu, hilo lilionekana. Aliinamisha kichwa, ulimi ukagusa maji, akaruka nyuma akilia, akaanguka. Mama alilisogeza karai. Akajaribu tena, akaruka tena. Mara ya tatu hakujaribu. Askari akatuambia tuingie ndani.

Baada ya mlio wa bunduki, sikuhisi kitu. Nakumbuka nilitazama maji yaliyobaki kwenye karai na kuwaza kwamba ni mengi, yatatosha kuoshea vyombo. Yalioshea vyombo. Tulikula muhogo na mboga, na baba alipokuja mwisho wa mwezi aliambiwa, akasema, "Haya."

Lakini Waseme alikuwa amemlamba Wandera kidonda cha goti. Kwa hiyo kila asubuhi mama alimchukua hadi hospitali kudungwa sindano ya tumbo, mpaka dozi ikaisha. Alijua mbwa hakuwa na kichaa. Alijua kuliko mtu yeyote, maana mikono yake ndiyo iliyoshika taya. Hata hivyo alikwenda, kwa sababu hakuthubutu kuuweka uhai wa mtoto juu ya yale aliyoyajua. Wandera alilia njia nzima. Mama hakumnyamazisha, na mpaka anakufa hakufuga mbwa mwingine.

Mimi nafuga. Naishi Busia mjini, na mbwa wangu ana kadi ya chanjo, sabuni ya kupe na dawa ya minyoo yenye ladha ya nyama. Daktari wake ni msichana anayekuja kwa pikipiki. Juzi nilimsimulia habari za Waseme, sijui kwa nini. Alisikiliza huku akifunga mkoba.

"Mama, hata mimi ningepiga hiyo mbwa risasi," alisema. "Ute vile, na maji imemshinda, huwezi kubahatisha."

Nikamshukuru, nikamsindikiza hadi getini. Kisha nikajaza bakuli maji, nikaliweka mbele ya mbwa wangu. Alikunywa. Nikaongeza, akanywa kidogo, akageuka kwenda zake. Nikamshika shingoni, nikamrudisha bakulini.

"Kunywa," nilimwambia. "Kunywa, waone."