Mawimbi Juu ya Saruji

Mlabani, mjini Ifakara, kuna mashine ya kukoboa mpunga yenye uwanja wa saruji mpana kuliko viwanja vyote vya mtaa ule. Kila asubuhi, kabla wenye mpunga hawajafika, mwanamke wa miaka ishirini na tisa hupanda ubao wenye magurudumu manne na kuzunguka uwanjani peke yake. Siku hizi watu wamemzoea, lakini mwanzoni walisema mengi. Wapo waliosema amechanganyikiwa tangu arudi kutoka Dar es Salaam. Wapo waliosema ni mambo ya mapepo na apelekwe kwa padri. Na yupo mama mmoja muuza vitumbua aliyeapa kwamba Levina anajifunza sarakasi ili apate njia ya kuondoka tena. Huyo wa mwisho ndiye aliyeukaribia ukweli, ingawa kwenye sarakasi alikosea.

Levina alikuwa anafanya mazoezi ya bahari.

Usicheke kwanza. Kutoka Ifakara hadi baharini ni safari ya kutwa nzima kwenye basi. Maji ya huku ni ya mto Kilombero, na mtoto wa huku hukua akiambiwa asiusogelee mto kwa sababu ya mamba, naye mtoto mwenye akili hutii. Kwa hiyo Levina alipokwenda Kigamboni akiwa na miaka ishirini na mmoja, kufua mashuka kwenye hoteli ndogo ya ufukweni, hakujua hata kuelea. Aliyemfundisha ni Venance, mwalimu wa pale, kijana aliyekuwa akiwafundisha wageni kusimama juu ya ubao na kuteleza na wimbi. Alianza kumfundisha kwa utani tu. Alipoona huyu mfua mashuka haogopi kuzama, akaacha utani. Mwaka wa nne Levina alikuwa akilipanda wimbi linapoinuka na kushuka nalo mpaka linapokwisha mchangani, halafu anarudi kukamua mashuka huku amelowa chumvi mpaka kwenye kope, na moyo wake mweupe kabisa.

Kisha mama yake, Mama Agnella, akaanguka jikoni. Kilikuwa kiharusi, na upande wote wa kulia ukapooza. Baba yao alikwisha kufariki siku nyingi. Kaka yake, Beatus, ana kazi ya hifadhi kule Mang'ula, ana mke, ana watoto wadogo, na kila akiulizwa habari za kumchukua mama husema nyumba yake ni ndogo. Basi nani mwingine? Levina akafunga mzigo. Aliaga kwamba anarudi nyumbani kwa miezi mitatu. Ikapita miaka mitatu na nusu.

Aliitamani bahari, na niseme wazi kwamba aliitamani kama mtu anavyomtamani mtu. Mchana alikuwa akifanya kibarua pale kwenye mashine, cha kugeuza mpunga uwanjani. Kazi hiyo hufanywa kwa miguu. Unapita katikati ya mpunga ulioanikwa ukiburuta nyayo, unaacha mfereji huku na tuta kule, ukifika mwisho unarudi, ili punje za chini nazo zilione jua. Levina alikuwa akiyatazama yale matuta yakijipanga moja baada ya jingine nyuma yake kama mawimbi. Jioni alimwogesha mama, akamnywesha uji, akamgeuza kitandani, na mama akilala yeye alikaa barazani akitazama video za mawimbi kwenye simu, sauti ameizima.

Mwezi wa pili mwaka huu Venance akamtumia ujumbe. Hoteli ilitaka kuajiri mwalimu wa kike, kwa sababu wageni wa kike walikuwa wakiulizia. Nafasi ni moja. Majaribio yangefanyika wiki ya pili ya Agosti, mawimbi yakiwa makubwa.

"Ila dada, miaka mitatu hujagusa maji," Venance alisema kwenye ujumbe wa sauti. "Mwili unasahau. Tafuta skeitibodi ile ya mazoezi ya mawimbi, ucheze nayo kila siku. Mimi nitakutafutia huku mitumbani, wewe chagua."

Akamtumia picha za mbao tatu. Wa kwanza ulikuwa mpya mpya, umechorwa chui mwenye macho ya kijani. Wa pili ulikuwa mrefu na mzito. Wa tatu ulikuwa umekwanguka rangi yote, una magurudumu manene, na ekseli yake ya mbele imekaa upande. Venance alimweleza vizuri tu. Ubao wa mazoezi ya bahari, alisema, ni ule ambao ekseli yake ya mbele inacheza kushoto na kulia, ili ukiukata kwa kiuno na mabega uende wenyewe bila kusukuma mguu chini. Nafasi kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma ilingane na unavyotanua miguu ukiwa baharini. Magurudumu yawe manene na laini kidogo.

"Usichague kwa macho," alimaliza. "Chagua kwa miguu."

Levina akasikiliza yote hayo, akachagua chui.

Ubao ulifika kwa basi, na kesho yake alfajiri Levina akauvaa uwanja. Magurudumu ya chui yalikuwa madogo na magumu, na uwanja wa mpunga haukosi punje hata ukifagiwa mara ngapi. Punje moja tu ililala mbele ya gurudumu moja, gurudumu likagoma, Levina akaendelea na safari bila ubao. Alirudi nyumbani na magoti yamechunika, na Mama Agnella, ambaye maneno yake hutoka taratibu na kwa upande mmoja wa mdomo, akamwambia, "Bahari yako hiyo ina meno."

Ikabidi kumwandikia Venance kwa aibu. Chui akarudishwa, ule uliokwanguka ukaja. Huu sasa ndio ulikuwa wenyewe. Ulipita juu ya punje bila habari, na Levina alipoukata kwa mabega kwa mara ya kwanza, na ubao ukamtii ukapinda, ukajinyoosha, ukapinda tena, alilia pale pale uwanjani, akajifuta haraka asije akaonekana.

Siku ya tatu ubao ukakataa kupinda. Levina aliuhangaikia asubuhi nzima mpaka mwenye mashine, Mzee Teofili, alipotoka kwenye injini yake akifuta mikono.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti. Unaonaje sasa? Jana umeuacha hapa nikaona ekseli ya mbele inachezacheza, imelegea kabisa. Ingekuua. Nimekukazia nati zote."

Kwa fundi wa mashine, kitu chochote kinachocheza ni kibovu. Levina alimshukuru sana mzee, kama inavyopasa, na jioni akazilegeza nati moja moja kwa spana ya kuazima.

Mzee Teofili hakumdai chochote kwa uwanja. Alikuwa na sharti moja tu, nalo lilikuwa sharti la kila aingiaye pale, awe na baiskeli, mkokoteni au pikipiki ya miguu mitatu iliyosheheni magunia: unazunguka pembezoni mwa uwanja, na mpunga unakuwa mkono wako wa kushoto. Hakuna anayekwenda kinyume. Wakikutana wawili kwenye njia ile nyembamba, mmoja ataingia kwenye mpunga wa watu, na hapo ndipo ugomvi unapoanzia. Levina alikuwa amelishika sharti hilo tangu aanze kibarua, hata hakulifikiria tena. Alizunguka hivyo hata alfajiri uwanja ukiwa mtupu. Miezi sita, kila siku, duara baada ya duara, akiegemea visigino vyake na kukata kushoto, mpaka akawa anapinda karibu mkono uguse saruji. Mavuno yalipokuja na mpunga ukajaa, aliamka mapema zaidi. Venance akiona video alizomtumia alisema, "Dada, uko tayari."

Agosti ikafika. Beatus, baada ya simu nyingi, alikubali kuja kukaa na mama wiki moja. Levina alipoinama kumuaga mama yake, Mama Agnella alimshika mkono kwa ule wake mzima. Rozari ilikuwa imeviringishwa kwenye vidole vyake.

Sitaeleza Levina alivyojisikia alipoiona bahari. Alivua viatu akaingia na nguo zake za safari mpaka kiunoni, na Venance akamwacha.

Majaribio yalikuwa ya siku tatu, na wanawake walikuwa wawili. Siku ya kwanza Levina alisimama juu ya wimbi kama aliyeondoka jana. Lakini pale ufukweni mawimbi ya Agosti huvunjikia kulia. Ukitaka kuendelea nayo lazima uegemee vidole vya miguu na kukata kulia. Levina alishuka na wimbi, mwili ukajipinda wenyewe, ukakata kushoto, moja kwa moja ndani ya povu. Akapiga makasia kwa mikono, akajaribu tena. Kushoto. Mara saba. Mara ya nane alikaa juu ya ubao katikati ya maji akaelewa, na akacheka kicheko kibaya, kwa sababu alijiona anavyouzunguka mpunga wa watu ambao haupo.

Siku ya pili ilikuwa hivyo hivyo, nafuu kidogo. Usiku huo hakulala vizuri, na alfajiri alikwenda peke yake kwenye mchanga mgumu, akachora mstari kwa kisigino, akasimama juu yake akiegemea vidole, kulia, kulia, kulia, mpaka vigimbi vya miguu vikawaka moto. Siku ya tatu wimbi la nne lilimwinua. Akashuka nalo. Vidole vikauma ubao, bega likafunguka, na ubao ukapinda kulia ukapanda ukuta wa maji, ukashuka, ukapanda tena. Alikwenda nalo mpaka likamwacha kwenye maji ya magotini.

"Kazi ni yako," Venance alimwambia jioni. "Unaanza mwezi ujao. Bosi anataka jibu kabla ya Jumapili."

Levina alisema atajibu. Usiku ule alikaa mchangani mpaka baridi ikamtoa. Kwenye basi, kabla hawajafika Mikumi, alikuwa amekwisha kuamua: Beatus alitoa wiki moja kwa shida, na mama hawezi kujiogesha. Hakuna kazi. Wala yeye hatamwambia mama ukweli, kwani kumwambia mgonjwa kwamba nimeacha kwa ajili yako ni kumwongezea ugonjwa.

Alifika nyumbani jioni. Beatus alikuwa ameondoka mchana, kazini wanamhitaji, na jirani ndiye aliyekuwa akimwangalia mama. Mama Agnella alikuwa barazani kwenye kiti cha plastiki.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Ulipita?"

"Sikupita, mama. Mwenzangu alinishinda."

Mama Agnella hakusema pole. Upande mzima wa uso wake ulianza kutetemeka, machozi yakamtoka, na Levina akadhani ni kiharusi kingine, akapiga magoti mbele yake.

"Ni mimi," mama yake alisema. Neno moja moja. "Nilisali uanguke. Wiki nzima. Beatus alidhani nakuombea heri. Rozari yote, kila jioni, namwomba Mama Maria uanguke, unirudie. Nisamehe, mwanangu."

Hasira ilimpanda Levina, tena hasira ya kweli. Miaka mitatu na nusu, na bado anaombewa aanguke! Kisha akautazama ule mkono mzima wa mama yake, vidole vimeshika kanga ya Levina kwa nguvu, haviachii, na akajua kwamba huyu naye alikuwa na tamaa yake ya usiku na mchana, ambayo hakuwa na mahali pa kuizungushia.

"Mama," alisema, "sala yako haikufika popote. Nilipita. Wamenipa kazi. Mimi ndiye nilitaka kukataa."

Mama Agnella aliiachia ile kanga. Kuku walikuwa wanaingia bandani.

"Wanataka jibu lini?"

"Kabla ya Jumapili."

"Mpigie Beatus."

"Mama, Beatus atasema nyumba ndogo."

"Mpigie. Mwambie aje anichukue. Mwambie na yeye ana mama."

Levina alitoa simu akaitafuta namba. Ikaanza kuita. Mama yake alikuwa hatua mbili tu kutoka pale, anajifuta uso kwa pindo la kanga, na Levina akajikuta ameanza kumkumbuka.