Nyumba ya Nje ya Mpaka

Nakaa kaunta ya bili za maji katika ukumbi wa mji wa Harlan Mills, Ohio, mwaka wa ishirini na sita huu. Ndiyo maana nilijua mapema kwamba Luteni Dale Hruska wa polisi anahama. Alikuja kufunguliwa maji kwenye kijumba cha kupanga mtaa wa Elm.

"Dale, umerukwa na akili? Kwako ni hatua mia mbili tu nje ya mpaka!"

"Ndizo hizo zinazoniponza, Connie. Sheria ndogo ya jiji inataka mkuu wa polisi alale ndani ya mji. Na Meya kashanipa neno lake kwamba cheo hicho ni changu."

Neno la Meya Skip Vandergriff ni kama barafu ya mwezi Machi, halibebi mtu. Nilijua, nikanyamaza, na kunyamaza kule kunaniuma mpaka leo.

Dale ni mjane. Jeanette, mkewe, alipanda mcheri uani mwaka walipooana, na kila Julai Dale alituletea pai ya cheri iliyoungua pembeni. Tulikula na kumsifu, waongo sisi. Sasa aliuza vyote, nyumba na mti wake, akamuuzia Sajini Renee Pohlman, aliyekuwa chini yake kazini. Renee hakuwa na hila yoyote. Alitafuta tu uwanja wa mbwa wake.

Miezi minane baadaye mkuu wa zamani akastaafu, ukaitishwa mtihani wa cheo. Matokeo yakabandikwa ubaoni: Renee wa kwanza, Dale wa pili. Skip akacheka. Anayeteua ni yeye, akasema, na huyo mama analala nje ya mji. Renee akaenda mahakamani. Sheria ya jimbo inampa cheo aliyeongoza mtihani, wala haiulizi analala wapi. Jaji alimaliza kesi asubuhi moja: sheria ya jiji haiwezi kuishinda ya jimbo. Fahali wawili wakipigana, ziumiazo nyasi, na nyasi zetu zilikuwa Dale.

Skip alimfuata Dale hadi kwenye kaunta yangu, karatasi mkononi.

"Tunakata rufaa. Wewe tia saini tu."

"Amenipita, Skip."

"Kwa alama mbili!"

"Hata moja ingetosha."

"Umeuza nyumba, we mjinga! Huna nyumba, huna cheo!"

"Najua nilichouza," Dale akasema, akamrudishia kalamu. Nilitamani kumrushia Skip mashine ya mihuri.

Kwetu beji ya mkuu mpya hubandikwa na mtu wake wa karibu. Renee hana mume wala mzazi, akamwomba Dale. Aliibandika, akapiga saluti, akarudi kukaa.

Mwezi Julai Renee akamkuta Dale kwenye kaunta yangu.

"Luteni, cheri zimeiva. Mimi pai siijui."

"Hiyo ni amri, Mkuu?"

"Naomba tu, Dale."

Jumamosi nilikwenda naye, nimebeba ndoo. Njia nzima alinieleza jinsi ya kuchuma bila kuvunja tawi. Tulipofika barazani akavua kofia, akagonga mlango alioupachika kwa mikono yake mwenyewe, akasimama kungoja afunguliwe. Nikageukia upande wa mti, asinione ninavyolia.